Viatu Vipitishavyo Hewa na Adha ya Mchanga

Viatu vyepesi vya safari za miguu, ambavyo sehemu ya juu yake imefumwa kwa nyuzi za nailoni au poliesta zenye matundu madogo madogo ili hewa ipite na jasho likauke, vimeenea mno siku hizi miongoni mwa watu wapandao milima na wakatao nyika, na sababu ya kupendwa kwavyo ni dhahiri: havilemei mguu, havihitaji majuma ya kuzoeshwa kama viatu vya ngozi nene, na katika nchi ya joto humwepushia msafiri dhiki ya kwenda kutwa nzima nyayo zikiwa zimeroa. Walakini neema hiyo ina deni lake. Tundu lipitishalo hewa ndilo hilo hilo lipitishalo vumbi, na kiatu kilichokatwa chini ya kifundo cha mguu huacha mdomo wazi ambao kila hatua huutupia punje. Hata msafiri afikapo kituoni akavua, humimina kutoka katika kila kiatu kiasi cha mchanga ambacho asingalikubali kukibeba mkononi.

Watu wengi, wakiisha kupatwa na adha hiyo mara moja, hukimbilia dawa iliyo karibu, yaani kununua viatu vilivyowekwa ndani utando usiopitisha maji, wakidhani kwamba kisichopitisha maji hakiwezi kupitisha mchanga. Siwalaumu, lakini nasema kwa yakini kwamba katika nchi ya joto dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Sehemu kubwa ya mchanga huingia kwa mdomo wa kiatu, na mdomo huo u wazi sawasawa katika viatu vya namna zote mbili. Tena ukiisha kuingia katika kiatu kilichozibwa hukuta jasho lisilo na pa kutokea, ukachanganyika nalo, ukawa tope la kusaga ngozi. Kwa hiyo tusishindane na matundu ya kiatu. Tuyaache yafanye kazi yake, nasi tujue mchanga waingilia wapi, tuilinde njia hiyo, na ule mchache uliotupita tuutoe mapema kabla haujafanya madhara.

Madhara yenyewe hutokea hivi. Mguu ukiwa ndani ya kiatu hautulii mahali pamoja. Katika kila hatua mfupa hutangulia, na ngozi iliyoshikwa na soksi hubaki nyuma kidogo, kisha hufuata. Mvuto huo ukirudiwa mara elfu, tabaka za ngozi huachana, maji hujaa kati yake, na hilo ndilo lengelenge. Punje ya mchanga huuzidisha mvuto huo mahali padogo ilipokaa, na kwa kuwa aghalabu ni ya kwatzi, jiwe lenye ugumu wa kukwaruza chuma cha kisu, haisagiki yenyewe bali husaga. Fauka ya hayo, ngozi iliyoroa hushikana na soksi zaidi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana punje chache katika mguu wenye jasho huweza kudhuru kuliko punje nyingi katika mguu mkavu. Hapa ndipo unapoonekana ubora wa kiatu chenye matundu, ambacho ijapokuwa huingiza vumbi, huukausha mguu pia, na vumbi kavu ni adui mwenye kuvumilika.

Kabla ya kutoa fedha yako kwa ajili ya kitu chochote, jiulize ni mchanga gani utakaoukanyaga, kwa maana jina ni moja lakini tabia ni mbalimbali. Wataalamu wa miamba huita mchanga kila punje ambayo upana wake ni kati ya 1/16 ya milimita na milimita 2. Iliyozidi hapo ni changarawe, na iliyopungua ni udongo laini ambao ukikauka huwa vumbi. Katika Kilimanjaro, mteremko unaopandwa kutoka kibanda cha Kibo, kilicho zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, hadi Gilman's Point iliyo karibu mita 5,685, umejaa changarawe na vipande vya jiwe la volkano vyenye pembe kali; hivi ni vikubwa mno kupenya kitambaa, na njia yavyo ya kuingilia ni mdomo wa kiatu peke yake. Chini ya hapo, katika uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, kuna vumbi jepesi ambalo mtu wa mbele humtimulia wa nyuma. Magharibi ya Ngorongoro, karibu na Bonde la Olduvai, kuna tuta jeusi la majivu ya volkano lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo upepo hulisukuma hadi mita 17 kwa mwaka, na punje zake zina chuma hata sumaku huzivuta; weusi wake hunyonya jua, hivyo anayelipanda mchana hupata mchanga na moto pamoja. Ukija pwani, vilima vya Shela katika kisiwa cha Lamu, ambavyo mchanga wake huhifadhi maji matamu ya visima vinywewavyo na mji, ni vya punje laini zilizochujwa na upepo, na ndugu zetu wa Maskati wasemao Kiswahili wana jangwa la Sharqiya, lenye kilomita za mraba zipatazo 12,500, ambalo punje zake ni za namna hiyo hiyo ya kupeperuka.

Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata. Mahali pa changarawe, linda mdomo wa kiatu, nawe utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Mahali pa mchanga wa kupeperuka, ambapo mguu huzama hata vidole vikafunikwa, mdomo ukilindwa peke yake haitoshi, kwa sababu kiatu kizima kimo ndani ya mchanga na kila tundu limekuwa mlango.

Matundu ya kitambaa hayapimwi kwa maneno ya muuzaji. Ingiza mkono ndani ya kiatu, ukiinue kuelekea kwenye mwanga, utazame: vidole vyako vikionekana kivuli tu, kitambaa hicho chafaa, ukiona kila tundu peke yake na ngozi yako nyuma yake, hicho ni kiatu cha barabara ya lami. Kisha, muuzaji akikupa ruhusa, tia katika ncha ya kiatu kijiko kimoja cha mchanga mkavu kutoka mahali unapokusudia kwenda, au ikiwa huna mchanga, chumvi laini ya mezani, ambayo punje zake zakaribiana kwa ukubwa na zile za vilima vya mchanga, ukitikise kiatu juu ya karatasi yenye rangi. Kinachopita kwenda nje leo ndicho kitakachopita kwenda ndani kesho. Jihadhari hasa na kitambaa cha tabaka mbili, ambacho wavu wa nje una matundu makubwa na wa ndani una matundu madogo. Mchanga hupita wa kwanza, hukwama kwenye wa pili, na hapo katikati hujikusanya mfano wa machicha katika kifumbu, usiweze kuutoa kwa kung'uta wala kwa kuosha, hata ncha ya kiatu ikawa nzito na ngumu na vidole vikakosa nafasi. Afadhali mara nyingi tabaka moja iliyofumwa kwa kubana.

Kuna sehemu nyingine ambayo wanunuzi huipuuza, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote, nayo ni ulimi wa kiatu. Katika viatu vingine ulimi umeshonwa chini tu, kwenye vidole, na pande zake mbili zimeachwa huru. Mchanga uangukao juu ya kamba huteleza kupitia ubavuni na kukaa juu ya wayo. Katika vingine ulimi umeunganishwa na kiatu pande zote mbili kwa kitambaa chembamba kinachokunjwa, hata karibu na juu, na mchanga uangukao humo hubaki juu ya kunjo mpaka ukung'utwe. Ukienda katika masoko ya mitumba kama Karume au Gikomba, ambako viatu vya safari vilivyovaliwa kidogo hupatikana kwa bei ya kuwezekana, fungua kamba, uinue ulimi, utie kidole ubavuni mwake. Kidole kikigonga kitambaa, endelea kuvikagua. Kikitokea ndani, virudishe. Kadhalika chagua viatu vinavyozidi kidogo mguu wako, kwa maana mguu huvimba katika joto na mwendo mrefu, na kiatu kilichobana hukandamiza punje kwenye ngozi kwa nguvu zaidi.

Ama kuhusu kinga ya mdomo wa kiatu, chombo chake ni gaita, yaani kitambaa kinachozunguka kifundo cha mguu na kufunika mahali ambapo soksi hukutana na kiatu. Zile fupi, zifikazo juu kidogo ya kifundo, zatosha kwa njia nyingi kavu. Zile ndefu, zifikazo chini ya goti, ni za theluji, matope na changarawe ya mteremkoni, na mjini Moshi hukodishwa na watu wa safari za mlima kwa asiyetaka kununua. Ivae juu ya suruali, kulabu ya mbele ikishikwa na kamba za kiatu karibu na vidole kadiri inavyowezekana, na mkanda wa chini ukipita katika uwazi ulio kati ya kisigino na wayo ili usikanyagwe moja kwa moja. Mkanda huo ndio unaokufa kwanza, kwa kuwa hukwaruzwa na mawe kila hatua. Chukua mfukoni kipande cha kamba nyembamba ya nailoni cha kuubadilisha, usije ukapanda na gaita inayopeperuka.

Wapandao Kibo huanza kupanda usiku wa manane, na mojawapo ya faida za saa hiyo ni kwamba baridi imeigandisha changarawe, ikashikana, ikawa imara chini ya mguu. Wengi hudanganyika kwa uimara huo wakaziacha gaita ndani ya mkoba. Lakini wakati wa kurudi jua limekwisha kuuyeyusha mteremko, changarawe imelegea, na watu hushuka kwa kuserereka na visigino, hasa katika njia ya kutoka Stella Point kwenda kambi ya Barafu, huku mawe madogo yakiruka mpaka magotini. Huko juu vidole vya mikono vimekufa ganzi na havina uwezo wa kufunga kulabu wala vifungo. Kwa sababu hiyo vaa gaita chini, kabla ya kuondoka, ijapokuwa huioni haja yake. Nami sharti niseme hapa bila ya kuficha kwamba viatu vyenye matundu, ambavyo navisifu kwa siku za chini, havifai kwa usiku wa kileleni, ambapo baridi hushuka chini kabisa ya sufuri na hewa ipitayo katika kitambaa huweza kumdhuru mtu vidole vya miguu. Kwa usiku ule vaa viatu vizito vyenye joto, na vile vyepesi vikungojee kambini.

Kwa mchanga wa kupeperuka, mafundisho bora yametoka Sahara. Mashindano ya Marathon des Sables, yaliyoanzishwa mwaka 1986 na Mfaransa Patrick Bauer, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekata Sahara ya Algeria peke yake kwa miguu, hukimbiwa kusini mwa Moroko kwa mwendo wa kilomita zipatazo 250 uliogawanywa kwa siku kadhaa, na kila mshindani hubeba chakula chake mgongoni. Katika mashindano ya namna hiyo mguu uliochubuka siku ya pili huharibu siku zote zilizobaki. Washindani wakatambua kuwa gaita ya kifundo peke yake haiwafai, wakazoea kufunika kiatu kizima kwa mfuko wa kitambaa chembamba cha parachuti, unaoshikwa na utepe wa kunata ulioshonwa kukizunguka kiatu juu tu ya soli, na kupanda hadi katikati ya muundi. Soli hubaki wazi ili ishike ardhi, na sehemu yote ya juu, pamoja na matundu yake, imo ndani ya hema. Hewa yapita, mchanga hupungua sana.

Kazi hii yaweza kufanywa na fundi viatu yeyote wa mtaani mwenye subira, pamoja na fundi cherehani wa kushona mfuko, na kwa kuwa ubaya wake hauonekani mpaka mtu awe katikati ya jangwa, nitaieleza kwa urefu. Utepe wa kunata una pande mbili, mmoja wa vikulabu vikali na mwingine wa manyoya laini. Upande wa vikulabu ukae kwenye kiatu na ule laini ukae kwenye mfuko, kwa sababu vikulabu vikiwekwa kwenye kitambaa chembamba hukirarua kila kinapokunjwa. Fundi atoe kwanza soli ya ndani, apitishe msasa mwepesi pale utepe utakapokaa, apake gundi pande zote mbili, aziache mpaka zisinate kidoleni, kisha akandamize. Asiishie hapo. Mchanga wa mchana huweza kupata joto la kulegeza gundi, na utepe uliobandikwa tu hubanduka kwanza kwenye ncha, mahali kiatu kinapokunjika. Basi ashone pia, kwa msharasi na uzi uliopakwa nta, kukizunguka kiatu chote, kisigino kikiwemo, na ncha mbili za utepe zikutane bila ya kuacha mwanya, upande wa ndani wa mguu, kwa maana mwanya wa upana wa kidole watosha kuivunja kazi yote.

Akimaliza, usilipe ujira mpaka umeingiza mkono. Pitisha ncha za vidole polepole kuanzia kwenye dole gumba kuzunguka mpaka kisigino, ukitafuta fundo la uzi au mshono ulioinuka, kwani fundo dogo lisilosumbua mkono litachubua mguu katika saa ya kwanza. Ukiliona, lisawazishwe kwa nyundo juu ya chuma cha fundi, au libandikwe kipande cha ngozi laini. Mfuko nao ukatwe kwa kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, cha rangi nyeupe au ya mchanga ili usivute jua, uwe mpana kiasi cha mguu kukunjika bila ya kuuvuta utepe, na juu utiwe lastiki inayoshika muundi bila ya kukata damu. Kisha jaza karai mchanga mkavu, simama ndani yake, kanyaga na kugeuka mpaka mguu uzame, utoke, uvue na kutazama. Ni afadhali kuona tundu nyumbani.

Asiye na wasaa wa kazi hiyo, na safari yake ni ya siku moja, aweza kubandika utepe wa nguo wenye gundi juu ya matundu ya ncha ya kiatu, mahali ambapo mchanga husukumwa kwa nguvu zaidi kila mguu unapozama, na kuacha ubavu na kisigino vipumue. Jioni auondoe, maana gundi yake ikikaa juani siku nyingi huharibu kitambaa.

Soksi ni ukuta wa mwisho, na pamba, ambayo watu huipenda kwa ulaini wake, ndiyo isiyofaa, kwa kuwa hunywa jasho na kulishika. Vaa soksi ya sufu nyembamba iliyofumwa kwa kubana, au soksi mbili, ya ndani nyepesi na ya nje ya sufu, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya kuwa kati ya soksi na ngozi. Watu ambao vidole vyao hubanana wajaribu soksi zenye chumba kwa kila kidole, kwani mchanga hupenda kukaa pale ambapo kidole hugusa kidole. Chukua jozi ya ziada, hata kama safari ni fupi, uiweke katika mfuko wa plastiki uliofungwa, usiiweke chini ya mkoba ambako vumbi limejikusanya.

Mwendo nao una sehemu yake. Anayeburuta miguu hujitilia mchanga mwenyewe, na anayepiga kisigino kwa nguvu huurusha nyuma kisha ukamwangukia. Inua mguu, uuweke wote kwa pamoja, hasa unapopanda. Katika vilima vya mchanga fuata ukingo wa juu, au upande upigwao na upepo, ambako punje zimeshindiliwa, ukaepuke upande wa pili ulio laini na mkali wa kuporomoka. Mkiwa wengi, acheni nafasi kati ya mtu na mtu, wala msifuatane kisigino kwa kisigino. Na mahali pakavu penye upepo wa ubavuni, nendeni sambamba kidogo ili vumbi la mmoja lisiwe riziki ya mwenziwe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nalihimiza kuliko yote: simama mapema. Msafiri husikia punje chini ya wayo, akajisemea kwamba ataitoa kwenye kituo cha chakula, naye huwa ameona haya kuwachelewesha wenziwe. Lakini dakika chache za kusimama sasa zitawaokoa wote na mwendo wa kuchechemea wa jioni. Mwenye kuongoza msafara, tafadhali, tangaza tangu asubuhi kwamba yeyote anayesikia punje ana ruhusa ya kusimama bila ya kuomba radhi. Keti mahali palipoinuka, jiwe au gogo, mgongo ukiuelekea upepo. Kwanza kung'uta gaita na suruali, ndipo ufungue kiatu, la sivyo utajaza ulichokuja kumimina. Legeza kamba mpaka chini, usiuvute mguu kwa nguvu, na kiatu kikitoka, kipindue ukigonge kisigino. Kisha inua soli ya ndani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani hugonga kiatu, wakaona punje zimeanguka, wakaridhika, ilhali chini ya soli ile, mbele kwenye vidole, mna mchanga uliojipanga kwa unene unaoweza kuonekana, nao hurudi juu baada ya hatua mia. Ufute kwa brashi kuukuu ya meno, ambayo nashauri kila msafiri awe nayo.

Soksi igeuzwe ndani nje, ikung'utwe, ipanguswe kwa kiganja. Mguu ufutwe kwa kitambaa kikavu, katikati ya kila kidole, wala usioshwe hapo njiani ukavishwa ungali umeroa. Ukiona pahala pekundu penye joto ambapo ngozi haijainuka bado, pabandike plasta laini wakati huo huo, kingo zake zikiwa za mviringo ili zisikunjike, maana kesho patakuwa lengelenge. Vaa, funga kamba kwa kubana juu ya wayo na kulegeza kidogo kwenye vidole, rudisha kulabu ya gaita, uondoke.

Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, wataka tahadhari ya peke yake. Mlima huu wenye kimo cha mita 2,962 ndio volkano hai pekee duniani itoayo lava ya magadi, ambayo hutoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Na mripuko wa mwaka 2007 na 2008 ulitapakaza majivu mengi pande zote. Majivu ya namna hii yana magadi ndani yake, na magadi yakichanganyika na jasho huwasha na kuchoma ngozi, hasa iliyokwisha kuchubuka. Basi huko usingojee kusikia punje. Mimina viatu kwa vipindi hata kama huhisi kitu, usifikiche macho kwa mikono iliyoshika soksi, na ukifika chini osha miguu kwa maji safi mengi kabla ya kuvaa kitu kingine chochote. Mteremko wake ni mkali, na gaita ndefu ni lazima.

Kuna mahali ambapo shauri bora ni kuvua. Watu wa pwani walikwisha kuona zamani kwamba mguu ulio katika makubadhi haupigani na mchanga, kwa kuwa uingiao mbele hutoka ubavuni, na anayetembea ufukweni kutoka Lamu hadi Shela wakati maji yametoka hana haja ya kiatu chenye gaita. Mchanga wa ufukweni uliolowa hushikamana na kitambaa, na chumvi yake ikikauka humo huleta ukavu unaokwaruza. Vivue viatu, uvifunge mkobani, utembee pekupeku penye unyevu. Lakini usiyapeleke makubadhi kwenye changarawe ya mlimani wala penye miiba, na usiende pekupeku penye vumbi la vijiji vyenye funza.

Safari ikiisha, usikimbilie maji. Mchanga mkavu hutoka kwa kung'utwa. Ukirowana hushika nyuzi. Acha viatu vikauke kabisa, toa kamba na soli za ndani, fungua ulimi mpaka mwisho, gonga soli kwa soli, kisha piga brashi kutoka ndani kwenda nje, ukifuata mishono na kona ya vidole. Ndipo uvisuuze kwa maji baridi, ukiyamimina kwa ndani ili yatoke kwa matundu na kusukuma punje kule zilikoingilia, urudie mpaka maji yawe safi. Vijaze karatasi za gazeti, uzibadilishe zikilowa, uvianike kivulini penye upepo, mbali na jiko na jua kali, ambavyo hulegeza gundi ya soli. Gaita ioshwe pia, na vikulabu vya utepe vichokolewe kwa sindano, kwa sababu vikijaa uzi na nyasi havishiki tena.

Mwisho kagua kitambaa mahali kinapokunjika nyuma ya vidole, hasa upande wa kidole kidogo, ambako hupasuka kwanza. Tundu dogo lipelekwe kwa fundi, alishonee kwa ndani kiraka cha nailoni nyembamba, kingo zikiwa zimeunguzwa kidogo zisifumuke. Lakini kitambaa kikiwa kimelegea chote hata vidole vikaonekana pale pale ambapo zamani kulikuwa na kivuli, usikitie viraka. Vikabidhi viatu hivyo kwa kazi za barabara ngumu, na kwa mchanga tafuta vingine.